Pilau ya Msiba wa Anastasia

Tangu aingie London shemeji yangu Gladness amepoteza rafiki mmoja tu, na alimpoteza kwa sufuria ya pilau. Watu wa kanisani wanalisimulia jambo hili vibaya, utadhani alimroga mtu. Mimi nilikuwepo, sufuria yenyewe niliibeba mimi, kwa hiyo niacheni nilieleze.

Gladness, ambaye wengi wanamwita Mama Lila, na kaka yangu Severin wana mgahawa mdogo Lewisham, nyuma ya soko, meza sita na choo ambacho mlango wake haufungi. Tangu mwanzo Gladness alikuwa na desturi yake: Mtanzania akifiwa upande huu wa mto, anapelekewa pilau bure. Hata kama marehemu amefia Iringa na huku watu wamekusanyika kulia tu, pilau itafika. Kutoa ni moyo, tunasema. Sawa, lakini mwenye nyumba hapokei moyo, na mwaka ule alipandisha kodi.

Hapo ndipo Anastasia alipoingia. Yeye na Gladness walifika nchi hii pamoja, wakafagia ofisi pamoja, wakala chipsi sahani moja. Baadaye Anastasia alisoma, sasa ni mtu wa takwimu hospitalini. Hapa London hana ndugu. Ndugu yake alikuwa Gladness. Basi akaja mgahawani na kompyuta yake, akafungua Excel.

"Mama Lila, hii pilau ya bure inakurudishia kitu?"

"Nitajuaje? Nimpikie mfiwa halafu nimdai?"

"Si yeye. Waliokula. Mtu akileta oda ya harusi au kipaimara, muulize aliwajuaje, unaandika. After six months tutaona."

Akamtengenezea safu: jina la mfiwa, gharama ya nyama na mchele, bei ya pilau kama ingeuzwa, idadi ya waliokuja, oda zilizofuata, faida. Walicheka sana mchana ule.

Excel haikusema uongo. Watu walikuja kweli: "Nilionja pilau yenu kwenye msiba wa mzee fulani, naomba mnipikie harusi ya binti yangu." Misiba ya koo kubwa, zenye vijana wa kuoa, ililipa vizuri. Ya mwanafunzi wa chumba kimoja, au ya mjane asiye na mtu, haikurudisha hata bei ya vitunguu. Gladness akaanza kuchagua. Mwenye ukoo alipata pilau ya nyama, mpweke alipata chupa ya chai na maandazi. Kodi ikalipika. Anastasia alipitia hesabu kila alipokuja kula, akasema, "Good, sasa umekuwa mfanyabiashara." Mimi sikupenda, lakini mshahara wangu ulitoka humo humo, na anayelipwa hana mdomo mrefu.

Mwaka huu, mwezi wa pili, mama yake Anastasia alifariki Bukoba. Anastasia hakuweza kwenda kuzika. Maombi yake ya visa yalikuwa hayajajibiwa, na akitoka nchini yanafutika. Tukakusanyika kwake Catford, ghorofa ya nne. Gladness alifunga mgahawa Jumamosi nzima, siku ya mauzo. Alipika kwa mikono yake, akalia jikoni wala hakusingizia vitunguu. Alitia nyama ya mbuzi, na mbuzi hata hizo koo kubwa hazikuwahi kumpata.

"Samson," aliniambia njiani, "yule mama ndiye aliyenifundisha kupika ndizi, kwa simu. Sijui nitamwambia nini Anasta."

Anastasia alitupokea jikoni, kanga mabegani, macho yamevimba. Akafunua sufuria, akaitazama ile nyama, akafunika.

"Umeshaniandika, Mama Lila?"

Gladness akafuta mikono kwenye aproni. Nilimwombea kimoyomoyo aseme hapana, lakini shemeji yangu si mwongo.

"Nilikuandika jana, niliporudi kutoka kununua mchele. Mkono umezoea tu, dada. Sikuwa nafikiri."

"Na idadi ya watu?"

"Niliacha wazi."

"Usiache wazi. Hao sebuleni ni watu wa kazini kwangu na wachache wa kanisani. Sina ukoo hapa. Hakuna atakayekurudishia kitu."

"Anasta, nimeleta kwa sababu nakupenda."

"Labda. Sikulaumu, nilikufundisha mimi. Ila siwezi kujua tena, na wewe pia huwezi."

Gladness alishika ukingo wa sinki. Nilitaka amkatalie, aape, agombane naye kama dada wanavyogombana, kisha walie pamoja yaishe. Hakufanya hata moja. Nadhani alikuwa anajitafuta ndani ajibu kwa haki, na hakupata jibu. Iliniuma mno kumwona vile.

Sebuleni wimbo ulikuwa umekwisha, watu wanangoja kula. Kwetu chakula cha msiba hakikataliwi, na Anastasia hakukikataa. Alichukua simu yake juu ya friji, akabonyeza taratibu. Hakuuliza bei, maana safu ya bei aliitunga yeye. Simu ya Gladness ikalia mfukoni mwa aproni. Nilimwona akiisoma: fedha zimeingia, bei kamili ya pilau ya watu hamsini, na bakshishi juu yake.

"Asante kwa huduma," Anastasia alisema, akabeba sahani kuzipeleka sebuleni.