Tulisema Wezi Ndio Waliomuua Shemeji

Msinipe pole. Kila nikisimulia miaka ile ya tisini kwetu Shinyanga, watu hukimbilia kunipa pole, utadhani mimi ndiye niliyefiwa. Aliyefiwa ni dada yangu. Mimi ndiye niliyeua.

Nilikuwa sungusungu, mlinzi wa jadi, kama kila mwanamume mwenye nguvu pale kijijini. Upinde, podo la mishale ya sumu, filimbi shingoni. Ng'ombe wakiibwa popote, yowe linapigwa, na vijiji vya jirani vinatoka kuziba njia. Usipotoka, unatengwa, hata moto wa kuwashia jiko hupewi.

Siku niliyoua, zizi lililovunjwa lilikuwa la kijiji alikoolewa dada, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Asubuhi tukasikia filimbi zao kwa mbali. Kamanda wetu akatupeleka kujificha vichakani kando ya mto mkavu, maana wezi wanaopeleka ng'ombe machimboni Geita hupitia hapo. Kamanda alikuwa amepigana vita vya Uganda. Tulimwamini kuliko tulivyojiamini wenyewe.

Jua lilikuwa utosini tulipoona vumbi. Ng'ombe wanakuja mbio, na nyuma yao wanaume sita wenye pinde, kimya, hakuna filimbi hata moja. Kamanda akasema, "Ndio hao. Piga!" Nikaachia mshale.

Laiti wangepuliza! Lakini watu hao, wa kijiji cha dada, hawakupuliza kwa sababu walikuwa wafugaji kweli kweli. Walikuwa wamekwisha kuwanyang'anya wezi ng'ombe wao, wezi wamekimbia. Na ng'ombe aliyetishwa na filimbi asubuhi nzima, ukimpulizia tena anaingia porini, unaanza upya. Kwa hiyo filimbi wakazitia mifukoni, wakawaacha wanyama wakimbilie maji ya visima vya mchangani pale mtoni. Mwizi naye huswaga kimya hivyo hivyo.

Aliyeanguka alipiga kelele, "Jamani, ni sisi!" Sauti niliijua kabla sijamwona uso. Ni shemeji yangu, mume wa dada, ambaye kila harusi alinitania kwamba hata mbuzi aliyefungwa kambani ningemkosa. Yeye sikumkosa. Mshale ulikuwa umeingia ubavuni, na yale manyoya ya kanga niliyafunga kwa mikono yangu. Nikampakata kichwa. Akasema, "Shemeji, umenimaliza." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Sumu ile haingoji mtu. Maji tuliyomchotea hakuyawahi.

Tukakaa chini wote, wao na sisi, tunalia kama watoto. Aliyesema wa kwanza ni kamanda. Alisema huko Uganda makombora ya upande wao yaliwahi kuwaangukia wenyewe, akazika wenzake watatu, na nyumbani kwao watu wakaambiwa wameuawa na adui. "Ukweli utamsaidia nani?" akatuuliza. "Vijiji hivi vimeoleana. Mkisema, kesho tunauana." Akauchomoa mshale wangu, akauvunja, akautia moto. Wanaume wa pande zote mbili tukaapa: walioua ni wezi.

Dada aliamini. Looh, aliamini vizuri mno! Kila nilipokwenda kumjulia hali, akishaniamkia tu, swali lilikuwa hilo hilo. "Kaka, wewe uko ndani ya sungusungu. Mkimkamata, utaniita?" Nami namjibu nitakuita. Ningemjibu nini, na ugali wake niko nao mkononi?

Miezi minne ikapita, kijiji chetu kikamkamata mtu. Mgeni, mchimba dhahabu, ametoka machimboni kununua ng'ombe wake mmoja wa kupeleka kwao, na hana kibali cha kumsafirisha. Kibali tu! Tungempeleka polisi, yangeisha. Lakini mpumbavu mmoja akaropoka kwamba huenda huyu alikuwemo siku ile, habari ikakimbia, na kabla ya saa kumi dada akawa amefika uwanjani na wanawake wa kwao, amejifunga kibwebwe, anahema. Watu wakampisha. Akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu.

"Kaka, wewe ulikuwepo. Ni huyu?"

Yule mgeni akageuza shingo kunitazama. Vumbi la mawe lilikuwa bado limeganda kwenye kope zake. "Ndugu yangu, sema ukweli," akaniambia. "Mimi huku sijawahi hata kufika kabla ya leo."

Nikamtazama kamanda, kamanda anatazama chini. Nikawatazama wale watano waliokuwa na shemeji siku ile. Nao chini. Midume mizima, pinde mabegani, hakuna mwenye ulimi! Na mimi maneno nilikuwa nayo mdomoni, haki ya Mungu nilikuwa nayo. Sentensi moja tu. Kisha nikaona dada anavyonitazama, jinsi alivyoniamini, nikajua nikifungua kinywa sina dada tena.

"Ndiye," nikasema.

Jiwe la kwanza alilirusha yeye. Mengine sikuyahesabu, niliziba macho. Lakini masikio nayo yangezibwa na nini? Mtu yule aliita mama yake mpaka akanyamaza.

Walipomaliza, dada alikuja nilipokuwa nimesimama, akapiga magoti mbele ya watu wote, akanishukuru.