Siku Nilipolikana Bango Langu

Naona aibu, lakini acha niwaambie. Mimi ni kinyozi hapa Bariadi mjini. Juzi asubuhi nilisikia watu wa halmashauri wanakagua mabango mtaani, na yasiyo na kibali wanayang'oa. Langu halikuwa na kibali. Nikakaa haraka kwenye kiti cha wateja, nikajifunga kitambaa cha kunyolea shingoni.

Akaingia dada mmoja mwenye kitambulisho kifuani, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka! Mwenye saluni yuko wapi?"

"Ameenda msibani Malampaka. Hata mimi namsubiri aninyoe."

"Unamfahamu?"

"Kwa mbali tu."

Akatoka nje, akalitazama bango, akarudi kunitazama, akatoka tena. Ndipo nikakumbuka kwamba fundi alichora sura yangu mwenyewe pale juu, pamoja na kovu la kwenye paji la uso. Jasho likanitoka.

"Basi," akasema taratibu, "huyo unayemfahamu kwa mbali akirudi, mwambie aje ofisini kuomba kibali. Leo hatuling'oi."

Nilishusha pumzi kwa furaha. "Asante sana dada, kesho nakuja!"

Akacheka mpaka akashikilia mlango. Nikafungua kitambaa, nikampisha mteja wa kweli aliyeingia wakati huo akae.