Siku Tisa za Anti Lin

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba kitunguu cha mama yangu kilimuua mtu. Leo mimi ni mtu mzima, nina kazi na watoto, na bado sijathubutu kulicheka jambo hilo.

Tulikaa ughaibuni, Barking kwa Waingereza, ghorofa ya tatu. Mama alikuwa kea, akitunza wazee majumbani mwao, na shifti zilimrudisha saa mbili usiku. Kwa hiyo nikitoka shule nilikwenda mlango wa pili kwa Anti Lin, Mchina wa Malaysia, ambaye alinilisha na kunisimamia homuweki kana kwamba alinizaa yeye. Mumewe alinifundisha kucheza drafti, akiiba waziwazi ili nimkamate. Mwaka nilipotimiza miaka tisa figo zake zilikataa kufanya kazi, akalazwa hospitali.

Ndipo ukaingia mwezi wa tisa wa kalenda yao. Kwa siku tisa Anti Lin alivaa nguo nyeupe na kuwasha taa ya mafuta mbele ya madhabahu ndogo sebuleni. Hakugusa nyama, samaki wala yai. Alinieleza, kwa Kiingereza chake cha kukatikakatika, kwamba siku hizo hushuka miungu tisa walio ndugu, kuwatazama watu. Yeye alikuwa akifunga kwa ajili ya mumewe, na ilimpasa kumaliza bila doa. Mfungaji akivunja, anayeumia ni yule anayeombewa.

"Hata kitunguu sili," aliniambia. "Hata kitunguu saumu. Kinywa kiwe safi."

Nyumbani kwetu ni mimi tu niliyeijua sheria hiyo yote. Mama alijua nusu yake, ile ya nyama.

Siku ya saba ilikuwa Jumapili na Mama hakuwa kazini. Aliona haya kwamba jirani anamlisha mtoto wake huku mumewe yuko hospitali, nasi hatujapeleka hata sahani moja. Akachemsha maharagwe, akakaanga vitunguu vitatu mpaka vikawa vya kahawia.

"Mama, Anti hali vitunguu," nilimwambia kwa Kiingereza, lugha yangu ya kubishana.

"Kwani kitunguu ni nyama?"

"Hapana, lakini..."

"Basi wacha kunifunza kupika. Chakula bila kitunguu ni cha wagonjwa, na mgonjwa ni mzee, si yeye. Beba hizo chapati."

Ningeweza kusema mara ya pili. Niliogopa kugombezwa, nikabeba chapati.

Anti Lin alifunua bakuli, mvuke ukampanda usoni, nikamwona akisita. Alinitazama mimi, kisha akamtazama Mama, aliyekuwa amesimama na koti lake akingoja mwenyeji aonje, kama tungojavyo sisi.

"Umepika siku yako ya kupumzika," Anti Lin alimwambia.

Akachukua kijiko. Akala, akatafuna polepole, akala tena, akasema ni kitamu. Mama alirudi akiimba, ingawa kutoka mlango ule hadi wetu ni hatua sita.

Siku tano baadaye mume wa Anti Lin alifariki.

Sikumwambia mtu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisikia vitunguu vikikaangwa nakwenda kufungua dirisha, na Mama akinicheka kwamba nimekuwa Mzungu. Nilijiona muuaji, na nilimchukia Mama kidogo kwa kutojua.

Mwaka jana, siku zilezile za mfungo, nilimtembelea Anti Lin. Sasa ni bibi, mgongo umeinama, nguo ni nyeupe vilevile. Nikamwambia yote. Kusema kweli nilitaka aniambie ni upuuzi wa kitoto.

"Nilijua tangu nilipofunua bakuli," alisema. "Mlipoondoka nilisukutua kinywa, nikaanza upya siku ya kwanza. Alikufa nikiwa siku ya sita. Nikamalizia tatu zilizobaki."

"Kwa hiyo ni sisi tuliom..."

"Kijiko nilikishika mimi," alinikatiza. "Na mama yako alikuwa amesimama pale na koti lake."

Nilitoka nikielewa kwamba aliamini kama nilivyoamini mimi. Alijua anahatarisha uhai wa nani, na bado hakuweza kumwacha mwanamke aliyechoka apate aibu mbele ya mtoto wake. Sijui kama alifanya sawa. Zipo siku namkasirikia kwa niaba ya mumewe, na zipo siku natamani ningekuwa na nusu ya moyo wake.

Nilipitia kwa Mama jioni ile. Aliuliza hali ya rafiki yake, kisha akatabasamu.

"Unakumbuka alivyoyapenda maharagwe yangu?"

Neno lilinifika mdomoni. Nilimtazama, ameketi na miguu yake iliyovimba kwa miaka ya kunyanyua wazee wa watu.

"Nakumbuka, Mama," nikamwambia. "Aliongeza kijiko cha pili."