Utamu Usiofika

Mjukuu wangu aliporudi kutoka Mikumi, alikokaa na madereva wenzake, nilidhani yamekwisha. Ameacha kokeini, ule unga aliouvuta puani miaka na miaka akiendesha malori ya Tunduma, nikasema sasa nina mtu. Waliomfundisha nawajua wote kwa majina, mpaka ya mama zao, lakini hapa siyaandiki.

Nikampikia wali wa mchele mpya wa Tindiga na kuku, chakula alichokuwa akikililia utotoni. Alitafuna kama mtu aliyeamriwa.

"Haujaiva?"

"Umeiva, bibi."

"Chumvi?"

"Ipo."

Mtoto wa dada yake akamng'ang'ania mguuni akicheka. Akamtazama kama anatazama gunia.

Nikajua ni kinyongo. Kwetu mtu akikosa raha na chakula cha nyumbani, ana jambo na ndugu, na wa kulitoa ni mjomba. Nikamwita mwanangu wa kiume kutoka Rudewa. Akamkalisha kijana mlangoni, akajaza maji mdomoni, akampulizia kifuani, akasema kama kuna kosa la ukoo, litoke.

Kijana akajipangusa. "Mjomba, umeniogesha bure. Sina ugomvi na mtu."

"Mbona unamnunia mama yangu?"

"Sinuni. Nakula, utamu hauji. Kule ulikuwa unakuja. Ndiyo maana nataka kurudi."



Asubuhi tukaenda naye Kilosa mjini, kwa daktari, binti mdogo tu. Akaniamkia, nikaitikia, kisha akaanza maneno. Kwenye ubongo, akasema, kuna kitu kinaitwa dopamini. Ndicho kinachomfanya mtu atamani kula, kulima, kumbeba mtoto. Kikishafanya kazi hurudishwa kilikotoka. Kokeini inazuia kisirudi, kinajaa. Kikijaa hivyo miaka, ubongo unapunguza vile vinavyokipokea. Mtu akiacha, mambo madogo ya nyumbani hayasikiki.

"Kwa hiyo wali wangu haufiki?"

"Tumboni unafika, bibi. Kichwani unafika kidogo sana."

"Mpaka lini?"

"Miezi. Wengine zaidi. Na akiwaona wenzake wa zamani, au hata kusikia sauti zao, hamu inaruka ghafla, mwenyewe hajapenda."

Nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Sikuelewa. Nimemzika mume, na siku ya pili ya msiba nilikula muhogo wa kuchemsha ukawa mtamu mpaka nikaona aibu. Sasa huyu ni mzima, hajafiwa, utamu umekwenda wapi? Ananipenda akashindwa kusikia kwamba ananipenda, au hanipendi? Njiani nilitaka kumuuliza, nikaona hata yeye hajui.

Tumekaa naye mwezi wa pili sasa. Kila akila nilikuwa namuuliza, "Leo je?" Juzi akaweka kijiko chini.

"Bibi, usiniulize kama ni kitamu. Niulize kama nimekula."

"Umekula?"

"Nimekula."

Jana tulikuwa tunapalilia mahindi, simu yake ikalia. Alitazama jina, akasimama nayo muda mrefu, jasho likimtoka kuliko la jembe. Kisha akanikabidhi.

"Ni yule mwenzangu wa Mikumi, wa unga. Kaa nayo."

Akarudi kwenye tuta. Sijui kuizima. Niliifunga kwenye ncha ya kanga nikaikalia, ikalia, ikanyamaza, ikalia tena, na mimi namtazama mgongo kuona kama atageuka. Alimaliza tuta, akaanza jingine. Sijui kama alikuwa anataka kulima.