Kijitabu Kisichokatwa

Mume wangu ni fundi saa, na ugonjwa wake ni vijitabu vya siasa vya wakati wa vita. Toleo la kwanza tu. La pili halitaki hata bure. Kabati letu la nguo limejaa hotuba, magauni yangu yanalala chini ya kitanda.

Kipenzi chake ni kimoja chembamba ambacho kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana ukingoni, kama zilivyotoka kiwandani. Kuzikata, alisema, ni kukiua. Lakini ubishi ukizuka kwa kinyozi, yeye ndiye wa kwanza: "Kasomeni ukurasa wa kumi na mbili!" Miaka kumi na mitano akiwanyamazisha watu kwa ukurasa asioujua.

Basi maktaba ikamwalika akizungumzie mbele ya wakusanyaji wenzake. Hajawahi kuitwa mbele ya watu huyu. Kutwa huinamia saa za wengine. Nilimshonea suti kwa furaha, kisha hofu ikaniingia: wakimwuliza kilichomo, je? Alhamisi, alipokwenda kazini, nikachukua mkasi wangu.

Ukurasa wa kumi na mbili ulihusu kuku. Kuku, jamani! Mchapaji alichanganya karatasi, na kuanzia hapo hadi mwisho ni banda na mayai.

Jioni nilimwambia.

"Umekiua," akasema, "na mimi umeniua."

"Afadhali ufie hapa kwangu kuliko kule ukumbini."

Jumamosi tukaenda maktaba, yeye ndani ya suti mpya, kijitabu kwapani.

Mwenyekiti wa wakusanyaji, mwalimu mstaafu, alimkaribisha kwa mbwembwe. Ukurasa wa kumi na mbili, alisema, humtoa machozi kila akiusoma. Mume wangu akanitazama. Angeweza kuitikia tu, na heshima yake ikabaki palepale. Akafungua, akasoma: "Vifaranga wapewe maji safi asubuhi na jioni."



"Ndugu zangu, nimewadanganya miaka kumi na mitano," akasema. "Sikuwahi kukisoma. Aliyekisoma ni mke wangu, yule pale. Lakini labda nakala yangu ndiyo mbovu. Mwalimu, hebu tusomee ya kwako."

Mwalimu akaitoa mkobani taratibu, akaigeuza huku, akaigeuza kule. Kurasa zote zilikuwa zimeshikana.

Watu waliangua kicheko, mimi nikiwaongoza, na sijapata kumwonea fahari mume wangu kama siku ile. Yeye akakohoa, akaendelea na vifaranga mpaka mwisho.