Mtaalamu wa Viazi kutoka Pioneer

Nimeandikia tovuti moja makala za kilimo miaka mitatu, nikiwa kwa kochi hapa Pioneer, Eldoret. Juzi injini ya kutafuta habari mtandaoni ilibadilishwa, makala zetu zikazama, wasomaji wakapotea. Mhariri akanionya: "Sasa wenye injini wanataka mtu ameona shamba."

Basi nikaenda Ainabkoi kwa Mama Chebet, mkulima wa viazi. Nikamuuliza kwa nini nusu ya shamba imeoza.

"Ni juu ya mtaalamu mmoja wa kilimo huko mtandaoni. Alisema nimwagilie maji asubuhi na jioni."

Akanionyesha simu. Kwenye picha ya makala nilikuwa mimi, natabasamu, nimeshika jembe la jirani.

Mama akaangalia picha, akaniangalia, akacheka, kisha akaniletea jembe.

"Shika, mtaalamu. Ukimaliza laini hii ya viazi, utakuwa na kitu ya kuandika."