Mashahidi wa Profesa Kabange

Ningali naikumbuka siku ile, mwanangu, mvua ikipiga mabati ya saiberi yetu ndogo, duka la kukodi intaneti, hapa Kolwezi, nami nimetoka chuo kikuu juzijuzi, moyo mwepesi kuwaka. Tulikuwa watu wachache tuliojitolea kuandika makala za kamusi elezo ya mtandaoni, kwa Kiswahili, ili mkoa wetu wa Lualaba usijulikane kwa mashimo ya madini pekee. Kiongozi wetu alikuwa Tata Mukalay (tata, yaani baba), mwalimu mstaafu, mpole wa sauti, mgumu wa kalamu.

Siku hiyo nilimletea makala juu ya Profesa Kabange, aliyenifundisha elimu ya mimea. Mzee yule alimaliza ujana wake akipanda vilima vya shaba, akichunguza maua yanayoota pale ambapo udongo huua mimea mingine. Nilimwita nguli, mashuhuri, fahari ya Lualaba. Tata Mukalay alisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Mama, hii bintu yote ni sifa. Mi niko natafuta bashahidi. Ni nani alitumia kazi yake? Ni nani aliandika juu yake, na si mwanafunzi yake, si ndugu yake?"

"Tata, Kolwezi yote inamujua!"

"Kolwezi inajua hata mwenye kuuza mikate pa soko. Kujulikana ni kitu moja, kushuhudiwa ni ingine."

Akaikataa. Nikamjibu kwa ukali kwamba kizuri chajiuza. (Methali hiyo ni ya kweli sokoni, mwanangu, lakini kwenye elimu, kizuri kisichoandikwa hulala njaa.) Niliamini anamwonea mwalimu wangu wivu.

Nikaenda mtaa wa Kasulo kumshtakia Profesa mwenyewe. Nilimkuta mlangoni, anakohoa, kwani vumbi la shimo la madini alilochimba jirani lilikuwa limejaa nyumbani mwake. Nilidhani atakasirika.

"Mukalay ana haki," alisema. "Bazungu walitumia kazi yangu, tafuta katika vitabu vyao. Lakini ninyi? Nilisomesha batoto ya hii inchi miaka na miaka. Ni nani kati yenu aliandika hata mustari moja juu ya ile maua, kabla kilima kichimbwe?"

Akatazama upande wa mgodi wa Mashamba, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mi siombi sifa, mama. Ila ningependa kusoma mwenyewe, kabla nikufe, kama kazi yangu ilifaa mutu."

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kwa bidii. Lakini majarida ya ng'ambo yalikuwa ghali, na mtandao ulikatika kila umeme ulipokatika. Niliwaendea niliosoma nao. Kila mmoja alikuwa na sifa za Profesa mdomoni. Hakuna aliyekuwa ameandika kitu. Waliahidi, wakaahidi tena. Ahadi ni deni, ila deni hilo lilidumu kuliko mdai wake: Profesa alifariki kabla ya msimu wa mvua kwisha.

Kwenye kilio watu walimsimulia vizuri ajabu, wengine wakilia. Tata Mukalay alikaa kando yangu, akaninong'oneza, "Maneno haya yote, mama, tungeyaandika angali muzima."

Baadaye tulipata mashahidi katika majarida yale ya ng'ambo. Wataalamu wa nchi kadhaa walikuwa wamejenga utafiti wao juu ya kazi yake, na kumtaja kwa jina. Tata Mukalay aliipitisha makala, akifuta neno moja tu: mashuhuri. Nikaifungua, nikaona pembeni ya jina la mwalimu wangu tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa. Sikufurahi, mwanangu. Nilizima mashine, nikatoka nje.

Basi nisikilize. Ukiombwa kumpima msomi, usimpime kwa cheo chake wala kwa mapenzi yako. Uliza kazi yake ilimsaidia nani, na nani asiyemjua ameikiri. Ukikosa mashahidi, usiseme upesi kwamba mtu yule ni mdogo. Huenda ni sisi tuliokula matunda yake tukanyamaza. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hakui wala haondoki.

Mungu akupe mizani isiyoegemea upande, akulainishie mkono wa kuandika, na akujalie kuwashukuru waliokufundisha wangali wanaisikia sauti yako.